Jina la Baba Mkwe Dirishani

Mwenye binti anayekaribia kuolewa na aisome hii mpaka mwisho, kisha ampe binti naye aisome.

Burulcha alikuwa na miaka ishirini na miwili ndani ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake. Si kwamba waligombana. Kwao Wakirgizi ndivyo mkaza mwana anavyofunzwa: jina la baba wa mume halipiti mdomoni mwake. Mbele yake alimwita baba. Nyuma yake alisema mzee wetu, au yule wa kitanda cha dirishani. Watoto wake walipokuwa wakijifunza kusoma, wakifika kwenye neno linalokaribiana na jina lile, yeye alikohoa akawafunulia ukurasa wa pili. Watu wa kijijini walimsifu kwa hilo, na mama yake mzazi alikufa akijivunia.

Mzee mwenyewe aliitwa Omurzak, yaani umri mrefu. Mama yake alikuwa amezika watoto watano kabla yake, ndipo akampa jina hilo kama mtu anayetia komeo mlangoni. Mzee alilipenda jina lake kuliko farasi wake. Ujanani alipopelekwa jeshini, huko kaskazini ya mbali, afisa wake alishindwa kulitamka, hakujishughulisha kujifunza, akampachika jina la Misha. Akaitika Misha miaka miwili mizima. Aliporudi alimwapia mama yake kwamba haitikii tena jina lisilo lake, hata akiitwa kula.

Sasa moyo ulikuwa unamsumbua. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alikaa chini kupumua, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Daktari wa moyo alifika hospitali ya wilaya mara moja tu kwa mwezi, akitoka mji mkuu, akaona watu ishirini, na saa nane alikuwa barabarani ili avuke mlima kabla barafu haijashika lami. Mume wa Burulcha alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi. Alipiga simu akasema mwezi huu usipite kabla mzee hajaonwa. Toka siku ile Burulcha alilala na wasiwasi akaamka nao, akakamua ng'ombe nao.

Jirani yao Sadyr aliwapeleka kwa gari lake, akabaki nje na gari. Kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa palikuwa na msichana mpya, Regina, mzaliwa wa mjini, ambaye Kikirgizi chake kilikuwa cha kuombea maji. Alikipokea kitambulisho cha mzee, akakigeuza huku na huku.

"Mama, hili linatamkwaje? Sitaki kumharibia mzee wa watu jina lake."

Aliuliza kwa adabu, wala hakuwa na dharau. Burulcha akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akatabasamu.

"Ni mzee wetu."

"Najua ni mzee wenu. Anaitwa nani?"

"Limeandikwa hapo, binti."

Regina alishusha pumzi. Nyuma ya Burulcha kulikuwa na watu arobaini wanasukumana. Alisema basi, atajaribu mwenyewe, akaandika kwenye orodha, akakirudisha kitambulisho. Mzee akakitia mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo.

Walikaa kwenye benchi toka saa mbili. Ukumbi ulinuka dawa ya sakafu na soksi zilizolowa. Mzee alisinzia, akaamka, akauliza kama Sadyr amekula, akasinzia tena. Saa tano hivi Regina akatokea mlangoni na karatasi, akaita: "Amurizaki!"

Watu wakacheka. Mama mmoja mnene aliyekuwa akimenya yai la kuchemsha akasema, "Huyo ni mtu au dawa ya minyoo?" Wakacheka zaidi.

Burulcha akamgusa mzee kiwiko. "Baba, zamu yetu."

"Zamu ya nani?"

"Yetu. Anakuita wewe."

"Hajaniita mimi," alisema mzee, macho yake yakitazama ukuta. "Huyo Amurizaki akifika atapita."

Akaitwa mara ya pili, na ya tatu. Regina akapiga mstari kwenye karatasi, akamwita mwingine.

Burulcha akakimbilia dirishani, akabanwa kwanza na waliotangulia, mpaka akafika. Alisema jina lililokatwa ni lao. Regina akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi, kwamba mwezi uliopita mtu mmoja aliingia kwa jina la mwenzake, na mwenye jina, aliyesafiri siku mbili, akarudi bila kuonwa. Regina ndiye aliyekaripiwa. Tangu hapo amri ni kwamba mgonjwa au ndugu yake alitaje jina kwa mdomo wake, au alete kitambulisho.

"Nitajie tu, mama. Neno moja."

"Yule pale. Mwenye kofia nyeupe."

Regina akachungulia. Wazee wapatao kumi na wanane walikuwa wamekaa ukutani, na kila mmoja alivaa kofia nyeupe ya sufu.

"Mama, unanitania?"

Burulcha akarudi kwenye benchi akaomba kitambulisho. Mzee akaweka kiganja juu ya kifungo cha koti.

"Asubuhi alikiona. Kama hajui, angeuliza."

"Aliuliza, baba."

"Alimuuliza nani?"

"Aliniuliza mimi."

Mzee akamgeukia, akamtazama muda mrefu. Miguu ya watu ilipita mbele yao. Pengine hapo angefungua kile kifungo, na yote yangekwisha. Lakini alijivutia koti, akasema taratibu, "Ulifanya inavyopasa," akarudi kutazama ukuta.

Basi wakakaa na heshima yao, mmoja huku na mwingine huku. Watu waliingia na kutoka. Burulcha alihesabu: wa kumi na mbili, wa kumi na tano. Alikuwa amechoka kiasi cha kutosikia njaa. Alijiambia labda daktari mwenyewe atatoka aulize nani amesahauliwa. Alijiambia labda mume wake atapiga simu, yeye ni mwana, yeye ana ruhusa ya kumkemea baba yake. Simu haikulia. Wa ishirini akatoka akiwa na karatasi yake mkononi, na nyuma yake ukasikika mlango wa kabati ukifunguliwa, na daktari akikung'uta koti lake la safari.

Akamtazama mzee. Midomo ilikuwa zambarau mpaka pembeni.

Burulcha akasimama, akaenda dirishani, akaondoa kitambaa mdomoni.

"Omurzak," alisema.

Vichwa vikageuka. Mama wa yai akauliza chini kwa chini huyu ni mkaza mwana wa nani, na nani alimlea.

"Polepole, mama," alisema Regina.

"O-mur-zak. Na mwishoni useme ata, yaani baba. Ni mtu mzima huyo, haitwi kavu kavu."

Regina akalijaribu. Mara ya kwanza lilikwenda upande, mara ya pili likajikwaa, mara ya tatu likasimama. Akalisema tena peke yake kama mtu anayeonja chumvi, kisha akatoka mbio na karatasi kumfuata daktari. Alirudi akihema. Daktari alikuwa ametokea mlango wa nyuma, na gari lake lilikuwa limekwisha kupita lango. Sadyr alilifukuza mpaka mtoni kwa gari lake, akarudi akitikisa kichwa. Hakukuwa na la kufanya. Regina akamwandika mzee wa kwanza katika orodha ya mwezi ujao, akaomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake peke yake.

Walipovuka daraja la kijiji ndipo mzee alipofungua kinywa.

"Umelitamka kama mama yangu."

Siku ya kumi na tisa tangu hapo, akiwa amekaa mlangoni anavua buti, alilala kando akafa, buti moja mguuni.

Mwezi ulipotimia Burulcha alikwenda tena hospitalini kutafuta cheti cha kifo. Aliambiwa akae asubiri karani mwingine. Akakaa kwenye benchi lile lile, kitambulisho cha mzee kikiwa mapajani. Mlango ukafunguliwa, Regina akatoka na orodha mpya, akanyoosha shingo, akaita:

"Omurzak ata!"

Aliita vizuri. Ungejua kwamba alikuwa akijifunza mwezi mzima. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa heshima ile ile, macho yakipita kwenye kofia nyeupe moja moja mpaka yakamkuta Burulcha, akamsogelea.

"Mama, nimekosea tena?"

"Hapana, binti. Safari hii umepatia."

Kisha akampa kile kitambulisho.

Msimu wa majani kukauka Burulcha anamwoza bintiye wa kwanza, Aiturgan. Juzi, wakishona mfarishi, alimsimulia haya yote, akamwambia nyumbani awe mkaza mwana kama wenzake, lakini mbele ya dirisha la hospitali awe mtu mwenye mdomo, na akiulizwa jina alitaje mpaka muulizaji alipatie.

"Hebu mtaje baba mkwe wako nisikie. Tuko peke yetu."

Aiturgan akavuta ncha ya kitambaa chake, akajifunika mdomo, akatabasamu.