Namba Ndani ya Bati

Maneno yalimfikia mama kwenye benchi la hospitali, wakati bintiye akifungwa plasta mkono ulioumia kwenye ajali ya pikipiki, chumba cha pili. Mwanamke asiyemfahamu alimwegemea na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua, kwamba pikipiki iliyoonja damu, isipooshwa, hurudi kumalizia. Kisha akaitwa kwenye dirisha la dawa, akaenda zake.

Mama hakuwa mtu wa kubeba kila kinachookotwa barazani. Lakini maneno yale yalimganda kama kupe. Alilala nayo, akaamka nayo, na kila alipotupa jicho uani, pikipiki ilikuwa pale pale ukutani, imeinamisha usukani kama mtu anayengoja zamu yake.

Siku ya tatu, alfajiri, binti akiwa bado usingizini, alijaza ndoo akashika brashi. Akasugua matope. Akasugua damu. Nyuma, palipofungwa sanduku la bati la vifaa, alikuta mistari ya rangi ya kijani, naye akaisugua kwa waya wa kusugulia vyombo mpaka bati likang'aa kama sufuria mpya. Sanduku lenyewe lilikuwa limebonyea vibaya. Hilo alikwisha kumwomba fundi jirani aje alinyooshe. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja.

Binti alitoka, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akasimama mlangoni.

"Mama, ile rangi ya kijani iko wapi?"

"Rangi gani? Nimetoa uchafu."

"Uchafu ule ulikuwa rangi ya gari la aliyenigonga, mama."

Akakaa kizingitini, akacheka kicheko kikavu. "Umenifulia kesi yangu. Bado kuianika tu."

Ndipo alipomweleza yale aliyokuwa akimficha asimpandishe presha. Yeye alikuwa msoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na ofisi haikumtaka asiye na chombo chake cha usafiri. Alikuwa amepewa mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye gari la mizigo alimgonga kwa nyuma alipokuwa amepunguza mwendo kwenye njia panda. Sasa mtu huyo ameandika kwenye fomu kwamba msichana ndiye aliyemkatia njia na kujigonga ubavuni mwa gari. Bima ya gari ndiyo iliyopaswa kutengeneza pikipiki, lakini maneno yale yakiaminika, pikipiki itabaki chuma chakavu na kazi itapewa mwenye magurudumu. Mkaguzi wa bima atakuja leo.

"Tena ameandika kwamba nilimwomba radhi."

"Ulimwomba?"

"Ni mtu mzima, mama. Alinishika mkono kuniinua. Nikamwambia, samahani mzee. Ulitaka nimwambieje?"

Adabu ile mama aliitia mwenyewe, nyingine kwa fimbo. Lakini kilichomtisha zaidi si hicho. Chini kabisa ya moyo wake kulikuwa na kitu kidogo, kibaya, kilichofurahi. Pikipiki ikifa, mtoto atatembea kwa miguu. Mtoto atakuwa salama. Aliona haya hata kulitazama wazo hilo usoni.

Mkaguzi alifika saa nne: mwanamke mwembamba, begi begani, viatu vya mtu anayetembea sana. Na kama ibilisi alivyopanga, Kesho naye aliingia uani saa hiyo hiyo, nyundo mkononi.

"Nyundo hiyo ya nini?" mkaguzi akauliza.

"Ya kunyoosha sanduku. Mama huyu aliniita tangu juzi."

"Ukaja leo."

"Nilikuwa na shughuli nyingi, dada."

"Ahsante kwa kuchelewa," mkaguzi akasema. "Iweke chini."

Kesho, ambaye hakuwahi kushukuriwa kwa jambo hilo maishani mwake, aliiweka nyundo chini, akaketi juu ya ndoo.

"Niliiosha mimi," mama akasema. "Huyu mtoto hakujua. Kama kuna kosa, liandike kwa jina langu."

"Wengi huosha, mama. Mmoja aliipaka rangi mpya kabisa, eti nisimwone mchafu." Mkaguzi alipiga magoti kwenye maji ya sabuni bila kujali sketi yake. Akapitisha kiganja juu ya bati taratibu, macho kayafumba, kama anayempapasa mtoto kutafuta homa. Kiganja kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikasimama tena.

Akatoa karatasi nyeupe, akaigandamiza juu ya bati, akaanza kuisugua kwa ubavu wa penseli.

Weusi ulienea. Na ndani ya weusi, mahali ambapo penseli haikufika kwa kuwa bati lilikuwa limezama, kikabaki kitu cheupe. Mstari. Kisha kona. Kisha duara. Mama alidhani macho yanamdanganya. Mkaguzi aliigeuza karatasi, kwa kuwa alama zilikuwa zimebonyezwa kinyume, akaiinua juani, na mwanga ukapita: sehemu ya namba ya gari, herufi tatu na tarakimu mbili, zimesimama wima, safi, kama zilizoandikwa na mwalimu ubaoni.

"Kibao cha namba cha mbele cha lile gari la mizigo," mkaguzi akasema. "Dereva anasema aligongwa ubavuni. Ubavuni hakuna kibao. Maji huondoa rangi, mama. Hayaondoi mbonyeo."

Kisha akaligusa gurudumu la nyuma, lililolika sehemu moja tu, na la mbele lililokuwa zima, akamgeukia binti.

"Ulipogongwa uliiachia breki ya mbele, ukashika ya nyuma. Ungekosea, ungerushwa juu ya usukani. Nani alikufundisha?"

"Barabara," binti akajibu.

Mama aliusogelea ule mbonyeo, akaupima kwa kidole. Kutoka hapo hadi kiti, palipokaa uti wa mgongo wa mwanawe, hapakutimia shubiri. Bati jembamba lilikuwa limeyapokea yote hayo na kuyahifadhi. Akamtazama binti yule aliyemzaa, aliyemfunga vifungo vya sare, aliyedhani anamjua mpaka kucha. Naye akamwona kama mtu anayemwona mgeni akitokeza mwangani. Katika nukta moja, peke yake barabarani, mkono ule ulijua la kuachia na la kushika. Mama akakaa chini, kwenye maji.

"Mama, unalowa," binti akasema.

"Niache kwanza."

Bima ilikubali kulipa. Kesho alimaliza kazi siku ile ile aliyoahidi, jambo lililozungumzwa mtaani kwa juma zima. Asubuhi ya kwanza binti alipotoka tena na pikipiki kwenda kazini, mama aliingia ndani, akatafuta daftari, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la sita, kwa ajili ya mama mwingine yeyote:

Usioshe pikipiki kabla mkaguzi hajaiona.

Usinyooshe kitu, hata kikikutia aibu.

Usitupe vipande, hata kioo cha taa.

Usimwambie aliyekugonga samahani. Mwamkie, inatosha.

Usitie sahihi karatasi ukiwa bado unatetemeka.

Usisikilize maneno ya benchi.

Usimwite mwanao jina akishawasha injini. Ana mengi ya kusikiliza barabarani.