Wageni wa Mama Dorcus

Tecla alijua mambo yameharibika alipoliona kochi.

Alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Dorcus, juu kidogo ya soko la Silibwet, akiwangoja wageni, na ile nyumba aliyoizoea, ya mabenchi mawili na kalenda ya kanisa ukutani, ilikuwa imegeuka duka la fanicha. Kochi jekundu la watu watatu. Meza ya kioo. Vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi hadi vikakakamaa. Na kwenye kona televisheni, katika nyumba isiyo na umeme!

"Si ulisema ni wageni wakubwa?" Mama Dorcus aliuliza, akijifuta jasho. "Sasa ulitaka wakae kwa benchi?"

Ndiyo, Tecla ndiye aliyesema. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, na kila likizo aliwakusanya kanisani vijana wa kijiji waliomaliza sekondari, akawaonyesha namna ya kuchagua kozi na kutafuta ufadhili. Mwaka huu nyota wake alikuwa Dorcus. Msichana alikuwa ameitwa chuoni kusomea uuguzi, na kilichobaki ni watu wa shirika moja la ufadhili kuja kuona hali ya nyumbani. Wakiridhika kwamba familia haina uwezo, wangemlipia. Wasiporidhika, Dorcus angebaki kuchuma majani chai na mama yake.

Hilo la hali ya nyumbani Tecla hakumwambia mama. Angeanzaje? Mtu mzima unamwambiaje kwamba watu wanatoka mbali kuja kuutazama umaskini wake, kwa hiyo asiuguse? Kila Jumamosi aliwahubiria vijana kwamba mficha uchi hazai, waseme shida zao bila haya, halafu haya zikamfunga yeye mdomo. Akasema tu, "Mama, wageni wakubwa wanakuja Alhamisi." Basi majirani walikuwa wamebeba vitu tangu alfajiri, kila mtu na chake, kijiji kisiaibike.

Gari likasimama langoni.

Bwana Nyaberi, ofisa wa shirika, alizama katika kochi. Akaitazama televisheni, akaitazama meza ya kioo, akatazama kuku na chapati zilizokuwa zikifuka moshi. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

"Mama, tunashukuru Mungu vile amekubariki. Lakini hii msaada ni ya wale hawana kabisa."

Mama Dorcus hakuelewa. Alitabasamu, akammiminia supu. Dorcus, aliyesimama kando ya mlango, aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea viatu vyake vya shule. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alikuwa akijimaliza kwa mikono yake mwenyewe, na kosa lilikuwa la Tecla.

Tecla aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akachutama kando ya mama, akamweleza kwa Kipsigis, polepole, yote aliyopaswa kumweleza wiki iliyopita.

Mama akaweka bakuli chini. Tecla akangoja kutukanwa, na angefurahi kutukanwa.

"Simama kidogo," Mama Dorcus akamwambia mgeni. Nyaberi akasimama. "Hii kochi ni ya Mama Winny, hapo chini. Meza ni ya mwalimu. TV ni ya shemeji yangu, na hapa hata stima hakuna. Vikombe ni ya kanisa. Hata hizi vitambaa." Alivuta benchi kutoka nyuma ya pazia, akalipangusa kwa kiganja. "Yangu ni hii."

Nyaberi alitoa simu apige picha kama ilivyo kazi yake, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kupiga hata moja.

"Nimeona, mama," alisema. "Dorcus ataenda. Mimi mwenyewe nitasimama na hiyo maneno huko ofisini."

Dorcus alimkumbatia Tecla kwa nguvu. Nyaberi akachukua koti lake. Akakitazama chakula, akasema kwa huruma kwamba heri wakiwekee watoto, yeye hana njaa.

Mama Dorcus akaenda akasimama mlangoni, akaujaza wote.

"Kuku ni yangu," alisema. "Kaa ukule."