Theluji ya Christelle

Siku wakala wa kusaka wachezaji alipofika, Nestor alikuwa amepiga magoti ndani ya hangari ya zamani ya gari-moshi, akinoa viatu vya timu. Vilikuwa raba za kawaida zilizofungiwa vipande vya panga chini ya soli. Mapanga si haba mjini Kindu. Vita viliacha mengi, na afadhali yakate barafu.

Barafu yenyewe ilikuja na behewa la samaki kutoka Kalemie mwaka wa tisini na nane, wiki ile ile vita vilipoingia mjini na reli ikafa. Samaki waliliwa na askari. Barafu haikutakiwa na mtu, nayo haikuambiwa iyeyuke, basi ikabaki. Ilitambaa polepole hadi ikajaza hangari nzima, ikakoma mlangoni kwa adabu. Akina mama waliikwangua kuwapozea watoto wenye homa. Amani iliporudi, askari mmoja wa kulinda amani, mzaliwa wa Kanada kwenye baridi, aliingia humo kutafuta kivuli, akaiona, akalia kidogo, kisha akawafundisha vijana hoki. Tangu hapo wanacheza kwa magongo ya kuchonga na kisahani cha mpira kilichokatwa kwenye tairi la lori.

Nestor alifanywa kocha kwa sababu alikuwa na jicho la kutambua vijana. Jicho hilo alilipata vitani, akiwa kijana mwembamba kama uzi. Makamanda walikuja kuchagua vijana, wakawapanga uwanjani, wakawabebesha magunia ya mchele na kuwatazama mabega. Waliochaguliwa walianza kudondokewa na majani makavu kichwani, pale pale uwanjani pasipo na mti hata mmoja. Yalikuwa majani ya msitu wa Obokote. Vijana walipelekwa Obokote, na huko ndiko walikobaki. Nestor hakudondokewa na kitu. "Huyu hapana, huyu ni ufagio," kamanda alisema. Mpaka leo, na mvi zake zote, neno hilo humchoma, ingawa anajua vizuri kwamba ndilo lililomwacha hai.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kwamba mahali mtu anapokwenda hutangulia kumwangukia kichwani. Na mwaka huu theluji ilianza kumwangukia binti yake, Christelle.

Ilianza mazoezini, Christelle alipowapita walinzi wote na kufunga bao akiwa anacheka. Kisha ikamfuata sokoni na kanisani. Padri alimwomba ahamie benchi la nyuma, na wazee wa benchi la nyuma wakashukuru, maana joto lilikuwa linawaua. Mama Josiane, mwenye baa iliyotazamana na hangari, alizoea kusogeza kreti la bia kila mahali msichana alipokaa, ili ipoe. "Kanada," watu waliambiana, wakaendelea na shughuli zao. Nestor alikuwa na furaha iliyomkatia hamu ya kula, na huzuni iliyomkatia usingizi, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine.

Wakala aliitwa Henri. Alivaa koti refu la sufu ili watu wajue atokako, na jasho lilimtiririka hadi viatuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mji mzima ulikuja kumtazama.

"Papa Nestor," alisema, "wanasema ni weye njo unajuaka watoto wenye watafika mbali."

"Njo huyu," Nestor alisema, akimwonyesha Christelle, aliyesimama na theluji hadi vifundoni.

Henri alikung'uta chembe zilizomrukia begani. "Huyu mwanamuke. Mimi nachagua na mabega."

"Lakini Kanada iko inamuangukia juu ya kichwa."

"Naona," Henri alikubali kwa heshima. "Lakini mabega hana."

Akaagiza vijana wabebe makreti ya bia kutoka baa hadi barabarani na kurudi. Hakumtaka hata mmoja wao akanyage barafu. Alimchagua Arsène, ambaye kwenye barafu hutembelea gongo kama babu wa watu. Alimchagua na Désiré, mwana wa pekee wa Mama Josiane, mlinda lango aliyefungwa mabao mengi kwa sababu alikuwa na tabia ya kusinzia wima. Lakini mabega ya Désiré yalikuwa mapana kama mlango.

Mara vumbi jekundu likaanza kuwaangukia waliochaguliwa. Wote waliokuwepo walilijua, kwani kila nyumba ina ndugu aliyewahi kurudi nalo kutoka mashimo ya madini. Mama Josiane alikohoa, akampangusa mwanawe kichwa kwa ncha ya kitenge.

"Mama Josiane," Nestor alimnong'oneza, "hii vumbi ya Pangi. Ya kwenye wanachimba mawe."

"Vumbi inafuliwaka. Weye iko na wivu, juu mutoto wako hawakumutwaa."

Na wivu Nestor alikuwa nao. Alijichukia kwa hilo, akamgeukia Henri aliyekuwa anapanda lori.

"Njia ya Kanada inapita Pangi?"

"Siku hizi njia zote zinapita Pangi," Henri alijibu. Désiré aliwapungia gongo kutoka juu ya lori, tayari amekuwa mwekundu hadi kope.

Kiangazi kilichofuata Henri alirudi na koti lile lile. Alisema Désiré anacheza vizuri ajabu na washabiki wanampenda. Mama Josiane alimkabidhi sweta la njano alilolifuma mwenyewe, la mabega mapana, ampelekee. Kisha vijana wakapangwa tena mbele ya makreti. Safari hii Nestor hakunong'ona. Alipita mbele yao akimwelekezea kidole kila mmoja. "Huyu ufagio! Na huyu ufagio! Huyu njo ufagio kabisa!" Akina mama walimzomea, na baba mmoja akamshika shati. Henri alimpisha kwa upole, akaanza kutazama mabega. Vumbi lilipoanza kuanguka, watu walifunika vyakula.

Lori lilipoondoka, Nestor alikaa kizingitini mwa hangari karibu na binti yake. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini timu sasa ilibaki na Christelle na mlinda lango mpya aliyeogopa kisahani.

"Baba, sasa hii theluji yangu ni ya nini?"

Nestor alimpangusa chembe begani.

Mama Josiane alitoka kwake akiwa na ufagio na karai. Kila siku vumbi jekundu humwagika juu ya kitanda kitupu cha Désiré, naye hulifagia na kulitupa barabarani. Alimwaga karai, akavuka, akapanga chupa zake kuzunguka miguu ya Christelle. Kisha akazamisha mkono kwenye theluji, akauacha humo mpaka vidole vikamuuma.

"Kule kwa Désiré baridi iko namna hii?"

Christelle alimtazama baba yake.

"Njo hivi, mama," Nestor alisema.

"Basi afazali nilimutumia sweta," Mama Josiane alisema. Akafuta mkono kwenye kitenge, akachukua ufagio wake na kurudi ndani, maana vumbi lilikuwa limeanza tena.