Miguu ya Transista

Tangu mumewe afariki, mjane alikuwa akitengeneza redio peke yake kibandani. Asubuhi moja babu mmoja alimletea redio iliyokuwa bubu.

"Mwanangu, nisaidie," alisema. "Nyumbani sina mwingine wa kuniongelesha."

Mjane akapima, akakuta transista ya kukuza sauti imeungua, na aina ile haikuwa ikitengenezwa tena. Zamani angemuuliza mumewe waweke ipi. Leo aliinamia kitabu cha vipimo mwenyewe, akitafuta nyingine ya NPN, aina moja na ile iliyoungua, isiyozidiwa na volti wala mkondo wa umeme wa redio ile. Aliipata kwenye kopo la vipuri, ila miguu yake ilipangwa tofauti: wa kati ulipaswa kuingia tundu la pembeni. Akaikunja ipishane bila kugusana, akalehemu huku jasho likimtoka.

Redio ikakohoa, kisha ikaanza kusoma habari.

"Umesikia?" akasema kwa furaha, akigeukia kiti cha mumewe. Hakikuwa na mtu.

Babu akadhani ameulizwa yeye. "Nimesikia, mwanangu. Inasema vizuri kabisa."

Mjane akainamisha uso kufunga skrubu, asije akaonekana analia.