Walinzi Waliokuja na Lugha Yao

Walinzi walipofiwa na mzee kwa mara ya kwanza, Senovara alitarajia mwili utapakiwa mashuani urudishwe kwao, ng'ambo ya bahari. Badala yake walinzi wale, watu wa kabila la Waangli, walimchoma moto kilimani, wakatia majivu katika chungu, na chungu wakakifukia palepale, juu ya mashamba ya shayiri ya kijiji.

"Baba Vinda, umeona?" alimwuliza mumewe, Kunomoro, mkuu wa kijiji. "Mtu anayetaka kurudi kwao haachi baba yake hapa."

Kunomoro alikuwa akipaka mkate siagi. "Wewe nawe! Sasa hata chungu kinakutisha?"

"Kinanitisha, ndiyo! Uliwaita wanaume thelathini watulinde na majambazi wa kaskazini. Leo wako wangapi? Wameleta wake, wameleta bibi zao, wameleta mpaka majembe. Mlinzi gani huyo anayelima?"

"Warumi walipotutawala walifanya hivyohivyo miaka yote. Unampa mgeni nafaka na kipande cha ardhi, naye anakupigania."

"Na hao Warumi wako wapi?"

Kunomoro aliuma mkate wake. Senovara alitaka wahamie kwa dada yake, magharibi, kabla mambo hayajaharibika. Magunia alishayafunga. Lakini Kunomoro alikuwa na lake moja tu: tuvune kwanza.

Kijijini hakuna aliyejisumbua kujifunza maneno ya walinzi. Waliyacheka, wakasema ni watu wenye mafua wanagombana. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kiingereza, na wa kwanza kuisikia katika nchi ile waliona ni kichekesho. Aliyeijua ni Vinda peke yake, binti yao wa miaka saba, kwa kucheza kutwa na Eda, mtoto wa mkubwa wa walinzi. Senovara alikuwa amemgombeza mpaka amechoka. Sasa alimhitaji.

Siku mbili baadaye wanaume wa Kiangli walikaa kilimani wakinywa pombe na kunyoosha fimbo zao kuelekea bondeni. Senovara alimpa Vinda kikapu cha mayai.

"Wapelekee. Usiwe na haraka ya kurudi."

Mtoto alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, baba yake alikuwa mlangoni akinoa mundu.

"Walikuwa wanasema nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Wanagawana mashamba. Tukishamaliza kuvuna. La mtoni ni la mjomba wake Eda. Nyumba yetu ni ya baba yake."

Kunomoro aliacha kunoa. "Umesikia vibaya wewe."

"Sijasikia vibaya, baba. Walirudia mara mbili."

"Na sisi je?" Senovara aliuliza. "Walisema sisi tutakwenda wapi?"

Vinda aliweka kikapu chini.

"Nyinyi hawakuwataja. Ila Eda kaniombea kwa baba yake," alisema, na uso ulimng'aa kwa fahari. "Mimi nitabaki. Wanasema naongea vizuri."