Moto wa Mkono wa Pole

Krrr. Krrr. Krrr.

Kiberiti kilikuwa kinakwaruzwa jikoni, na fundi kufuli, aliyekuwa bado kitandani na shuka mpaka kidevuni, alikuwa anausikiliza kila mkwaruzo kama mtu anayesubiri hukumu. Njiti moja ilivunjika. Mlio wa njiti inayovunjika aliujua. Nyingine iliwaka ikazimika. Halafu mkwaruzo mwingine, kisha akaisikia gesi, sss, nyembamba na ya pole, mithili ya mtu anayepuliza kikombe. Halafu "Aa!" fupi, iliyomezwa haraka ili isifike chumbani.

Ilifika. Akatupa shuka akaenda miguu mitupu.

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya jiko, moto umewaka, kidole mdomoni.

"Umeungua," alisema fundi.

"Nimeonja chumvi."

"Kwenye kidole?"

"Kwani wewe huonja kwa kijiko? Kaa, bwana wee, chai inakuja."

Akakaa. Angefanya nini? Mwanamke huyu alikuwa amemshinda kwa maneno tangu siku ya posa, na hakuona sababu ya kutarajia ushindi kabla ya chai.

Macho ya mkewe yalikuwa yameingia ukungu pole pole, hadi siku daktari aliposema kilichobaki kitunzwe, kilichokwenda hakirudi. Dirisha aliliona. Mtu akisimama mlangoni alimwona kama nguo iliyoanikwa. Lakini moto wa gesi, ule wa buluu, mwembamba kama unyoya, hakuuona hata kidogo. Kwa hiyo alijitungia njia yake: mkono wa kushoto ulishika njiti inayowaka huku ncha ya kidole ikigusa ukingo wa kichomeo, ili njiti isipotee njia, mkono wa kulia ukafungua gesi. Gesi ilipodaka moto, kidole kilikuwa pale pale mlangoni pa moto, kikiupokea.

Binti yao alikuwa muuguzi, mwenye ulimi wa mama yake na ukaidi wa baba yake, na alipopita jioni akitoka kazini hakudanganywa na habari za chumvi. Aliushika mkono wa mama yake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hiki ni kidole au ni mshumaa?"

"Ni kidole kilichokulisha wewe uji."

"Ndiyo maana nakionea huruma." Akapaka dawa, akafunga kitambaa taratibu, kisha akasema bila kumtazama yeyote. "Jumamosi nakuja kuuchukua mtungi wa gesi. Chakula nitawaletea kwenye hotipoti, asubuhi na jioni. Baba, usinitazame hivyo. Mimi ndiye ninayewaona watu wanaoungua. Ninyi hamuwaoni."

Binti alipokwisha kuaga na mlango kufungwa, ndipo mkewe aliposema, na alisema kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuizoea.

"Hasemi vibaya. Lakini nyumba nisiyopika, mimi ni mgeni ndani yake. Nitakaa sebuleni, nisubiri kukaribishwa."

Maneno hayo yalimchoma mumewe kuliko moto ulivyomchoma yeye.

Kesho yake hakwenda kibandani kwake. Alifunga mtungi, akafungua mpira, akalipeleka jiko uani, akalilaza kifudifudi kama mgonjwa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kufuli na vitasa. Gesi alikuwa akiiheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani. Lakini alipoifungua vali, akaona chuma kinachozunguka ndani ya chuma, na tundu linaloziba na kuzibuka. Akacheka peke yake. Hiki ni kitasa tu, alijiambia. Kitasa kinachofungia upepo.

Kichwani mwake kazi ilikuwa nyepesi. Alichukua kiberiti cha gesi kilichokwisha, kile cha wavuta sigara, akatoa jiwe lake na kigurudumu chake cha meno. Akakifunga kigurudumu karibu na kichomeo, akakiunganisha kwa waya mgumu na kishikio cha vali. Ukizungusha kishikio, gesi inafunguka. Papo hapo kigurudumu kinakwaruza jiwe, na cheche inaruka. Mkono mmoja, tendo moja. Hakuna njiti, hakuna kidole mlangoni.

Akauleta mtungi uani, akaunga mpira, akajaribu. Krrr, fuu! Ukawaka. Akafunga, akarudia. Krrr, fuu! Akarudia tena na tena kama mtoto aliyepata filimbi, meno yote nje, kisha akalirudisha jiko mahali pake na kuita.

"Mama wa nyumba! Njoo uwashe bila kiberiti!"

Mkewe alikuja akijifuta mikono. Fundi akampeleka mkono hadi kwenye kishikio, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Mkewe akazungusha.

Sss.

Gesi ikatoka, cheche haikutoka. Kigurudumu kilijikokota juu ya jiwe bila kulikwaruza. Mkewe akafunga upesi.

"Zungusha kwa nguvu," alisema fundi.

Akazungusha. Sss.

"Haraka! Kwa nguvu!"

"Mimi si dereva wa lori." Akafunga tena. "Gesi nimeifungua hivi tangu uliponinunulia jiko hili. Ulisema mwenyewe, usiifungue kwa pupa, itakurukia usoni. Mwenda pole hajikwai. Sasa leo unataka niikurupue?"

"Ulikuwa unaona wakati ule!"

Yalitoka kabla hajayashika. Mkono wa mkewe ulikuwa bado umelala juu ya kishikio.

"Ndiyo," alisema. "Na sasa sioni, ndiyo maana naenda pole zaidi. Ulilijaribu jiko hili kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi umetengeneza jiko la mkono wako. Likae, litakufaa nitakapokuwa sebuleni."

Fundi alitoka. Alijitia kukumbuka kazi ya mteja, akaenda kibandani na kukaa kati ya makufuli yake, ameshika tama. Alikuwa amekasirika, na alipomtafuta wa kumkasirikia alijikuta yuko peke yake mle kibandani.

Kitasa cha fundi cherehani wa mtaa wa pili kilikuwa mezani tangu juzi, kikimsubiri. Akakifungua, akakisafisha, akakitia mafuta. Alipoingiza ufunguo kukijaribu, akili yake bado ilikuwa nyumbani, na mkono wake ulikuwa mzito. Akauzungusha pole, pole sana, vile mkewe alivyozungusha kishikio.

TAK!

Ulimi wa kitasa uliruka nje kama kawaida yake.

Fundi akaurudisha ufunguo. Akauzungusha tena, safari hii kwa mwendo wa konokono. Ufunguo ukaenda, ukaenda, springi ikajikaza ndani, ikafika mwisho wa subira yake, na TAK! Ukali ule ule. Kitasa hakikujali mkono uliokishika ni wa kijana au wa mzee. Haraka haikuwa ya mkono. Haraka ilikuwa ya springi.

"Mjinga wee," alijiambia kwa upendo. "Umekula mkate wa springi maisha yako yote, halafu mkeo ndiye unayemwambia awe springi."

Alitoa springi kwenye kitasa kibovu kilichokosa mwenyewe, akaishika tupa, akaanza kuchonga jino dogo la chuma. Sasa kishikio hakitakizungusha kigurudumu. Kitaikaza springi tu, taratibu kadiri mkono upendavyo, na gesi ikianza tu kupenya, jino litateleza na springi itakirusha kigurudumu kwa nguvu zake yenyewe. Kisha, kwa kuwa aliukumbuka mkono wa mkewe ukilala pale juu ya kishikio, akaongeza springi ya pili: usiposikia moto, achia tu. Kishikio kitarudi chenyewe na kufunga gesi. Ukiusikia moto, kisukume mbele kidogo, jino lingine likishike kikae.

Kila alipomaliza kipande, hakukijaribu kwa mkono wake. Alifumba macho, akazungusha kama mkewe.

Jumamosi asubuhi binti alikuja na spana mkononi na hotipoti kwapani, chakula kimo tayari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya. Alimbusu mama yake, akamtazama baba yake aliyekuwa amepiga magoti chini ya jiko, mashavu yana masizi.

"Baba, tafadhali. Tusilifanye jambo hili gumu zaidi."

"Weka spana mezani, mwanangu. Mama yako atawasha. Ukiona kitu kimoja cha kukutisha, chukua mtungi na mimi nitakubebea."

"Msimfanye mtu abebe mtungi kabla ya chai," alisema mama mtu, akaja, akapapasa ukingo wa meza, akapata kishikio. Mkono wa kushoto aliuweka nyuma ya mgongo wake, kitambaa na vyote, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Akazungusha. Pole. Fundi aliisikia springi ikijikaza.

Tak!

Cheche iliruka. Moto haukuwaka.

Sss.

Binti alipiga hatua moja mbele. Lakini mama yake alikuwa anasikiliza, kichwa amekiinamisha, na kwa utulivu akaachia mkono. Kishikio kikarudi chenyewe, klik. Sss ikakatika.

"Kimefunga," alisema mama.

Binti alikuja karibu, akainama, akanusa. Akanusa tena. "Ni nani aliyekifunga?"

"Hakuna. Nilikiachia tu."

"Na ukisahau? Ukishtuka? Ukianguka?"

"Mtu akianguka huachia, mwanangu," alisema fundi. "Sijui kama huko kwenu wanaanguka namna nyingine."

Binti hakucheka, lakini spana aliyokuwa bado ameishika aliiweka mezani. Mama yake akasubiri hadi hewa ikawa safi, akazungusha mara ya pili, pole vile vile, bila kuongeza haraka, ingawa mtungi ulikuwa hatarini kuchukuliwa.

Tak! Fuu!

Akausikia moto. Uso wake wote uliusikia. Akasukuma kishikio mbele kidogo, jino likauma, akakiachia, na moto ukabaki. Akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa ya moto, mbali, akapokea joto lake kwenye kiganja.

"Huu hapa," alisema.

Akateleka sufuria. Mumewe na bintiye walisimama wakimtazama akitafuta majani ya chai, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Binti alikaa chini kwenye kigoda, akaisogeza hotipoti mpaka ukutani kwa mguu.

"Baba," alisema, sauti imelegea, macho yake chini ya jiko. "Hiyo springi ikichoka?"

"Itachoka. Kila springi huchoka."

"Basi nionyeshe inavyobadilishwa. Leo. Mimi nina mikono ya kushona watu, sitashindwa na jiko."

Fundi alicheka, akajifuta masizi, akaenda kusimama kando ya mkewe, karibu kiasi cha yeye kumwona kama nguo iliyoanikwa. Akaushika ule mkono wenye kitambaa.

"Siku ile nilikusemesha vibaya," alisema.

"Siku ipi? Ziko nyingi."

"Nisikilize, nawe usinivuruge. Nakuahidi, na mwanao ni shahidi: springi hii ikichoka nitatia nyingine, na mkono wangu ukichoka nitakuwa nimekwisha kumfundisha yeye. Katika nyumba hii, mama, hutakuwa mgeni."