Ndoo ya Bwana Zabibu

...kumbe si ndoo ya kuchotea, ni ndoo ya kutemea, na bilauri imekwisha zama mpaka vidole, imekwisha toka, inachuruzika wekundu mpaka kwenye mkono wa koti, na Othmar Kapinga, mtu aliyefika Rangun na Johanesbagi na akarudi na meno yake yote, amesimama katikati ya baraza la Mzungu ameshika mate ya Mzungu na mkewe, ameyainua juu kama kikombe cha ushindi wa mpira, Memsabu ameziba mdomo kwa kiganja, karani Xaveri anatazama viatu vyake kana kwamba viatu ndivyo vilivyochota, na Bwana Zabibu, maana ndivyo watu wa bondeni wanavyomwita tangu alipopanda mizabibu katika mteremko huu wa mchanga na mawe ambako hata mbuzi hapotezi muda, Bwana Zabibu anaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo... acheke, nani asingecheka, Othmar mwenyewe angekuwa amekaa pale kwenye kiti cha kamba angekwisha anguka chini, lakini mtu angejuaje, kwetu chombo kikiwekwa katikati ya watu kimewekwa kichotwe, unachukua kata, unachota, unampa mkubwa, unachota tena, nani duniani aliwahi kuwakaribisha wageni akawawekea katikati chombo cha kutemea, tena kinang'aa kuliko sufuria za arusi, tena kimejaa, maana hawa wawili wanaonja tangu chakula cha mchana, chupa baada ya chupa, naye alipowakuta wameinamia ndoo alidhani ni adabu, alidhani wanainama kwa heshima ya pombe... "Mjomba," Xaveri ananong'ona bila kufungua meno, "hiyo ni ya kutemea. Wanasukutua, halafu wanatema." "Kwani imeharibika?" "Haijaharibika." "Basi wanatema nini?" "Wasilewe, mjomba." Wasilewe! Sasa wanakunywa kwa nini, mtu asiyetaka kulowa anaingia ziwani kutafuta nini, na hapo kicheko kinampanda Othmar mwenyewe, kile kicheko chake cha tayari, kinachotoka kabla hajakiita, kicheko kilichomwokoa mbele ya masajini na manyapara wa nchi nne, kimefika kooni... na kinakwama, kwa sababu pale kwenye ngazi ya baraza, chini, amekaa dada yake Theodosia, na Theodosia hacheki.

Amekaa kwenye ngazi kwa kuwa hakuna aliyempa kiti, miguu yake imejaa vumbi la njia yote ya kutoka bondeni, amefunga kanga ya kanisani kana kwamba leo ni Pasaka, hatazami ndoo, hatazami ziwa ambalo Wazungu wanalitazama tangu asubuhi kama hawajaona maji, na kweli ziwa leo limejipamba, limetandazwa kule chini kama kaniki mpya, na milima ya Nyasaland ng'ambo imekaa kama wazee waliokwisha shiba, "Njoo tu, Othmar, sisi onja mvinyo, sisi tazama ziwa, pumzika kidogo," ndivyo Bwana Zabibu alivyomwita, mchana wa starehe, eti, lakini kila mtu bondeni anajua starehe hii ina jina, na jina lake ni Lihalawe, kijito chetu, ambacho Bwana Zabibu anataka kukipinda kule juu kwenye mawe, akichimbie mfereji, kije huku kinyweshe mizabibu yake katika jangwa hili dogo alilolichagua mwenyewe kwa sababu ya kulipenda tu kwa macho, na kikishapindwa huku, kule chini bustani za kiangazi zitakuwa vumbi, na bustani ya kwanza kabisa ukishuka ni ya Theodosia, maharage yake, maboga yake, na juu yake ngolo zake, mashimo ya kulimia, alizozichimba mwenyewe mlimani, shimo kwa shimo, majani yamefukiwa vizuri kingoni, mjane asiye na mtoto wa kiume, anachimba kwa jembe hilo hilo mpaka mpini umechukua umbo la viganja vyake... na Jumbe, mjanja yule, akasema hili ni jambo la ukoo, ukoo waamue, na ukoo ukasema Othmar ndiye anayewajua Wazungu, aende Othmar, naye akavimba kichwa, si alivimba, akasimama mbele ya watu wote akasema nitakunywa divai yao, nitawachekesha mpaka wajikojolee, nitarudi na mto wenu mfukoni, na watu wakapiga makofi, ila Theodosia, ambaye alikuwa akipepeta ulezi pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Chungu cha jambo ukikinywa, umelimeza jambo." "Wazungu hawajui kwamba kunywa ni kukubali, dada," akamjibu. "Lakini wewe unajua," akasema, akaendelea kupepeta.

"Haidhuru, Othmar, haidhuru!" Bwana Zabibu anafuta machozi, anashika chupa nyingine, "Ile mwaga. Mimi toa ingine, mzuri, safi kabisa," na anamimina, na sauti ile, glu-glu-glu, sauti ile Othmar anaijua tangu hajabalehe, alipokuwa akitumikia altareni, alipokuwa akimiminia padri divai katika kalisi kwa mikono yake mwenyewe, kila Jumapili, harufu ikimpanda puani, na padri akainua, akanywa peke yake, akafuta kwa kitambaa, na sisi wote tukapata mkate, mkate tu, siku zote mkate tu, na siku moja katekista alimkuta kwenye sakristia nyuma ya altare ananusa, hakuonja, alinusa tu, akamwasha kofi, mpaka leo sikio la kushoto linapenda kukaa kimya... na Burma, alipokuwa akiosha bilauri za maofisa ndani ya hema, bilauri sitini kila jioni, harufu peke yake ikamlevya, akasinzia juu ya karai, akalala korokoroni kwa kulewa kitu ambacho hakukinywa, mtu gani mwingine katika jeshi lote la Mfalme wa Waingereza aliwahi kufungwa kwa pua... na sheria ya Serikali yenyewe inasema Mwafrika asiguse mvinyo wala wiski, atalewa, ataharibika, anywe pombe yake ya ulezi na ulanzi wake wa mianzi, lakini leo mchana sheria imekwenda kulala, leo kuna kijito, na ukiwa na kijito mkononi unakuwa mtu mzima ghafla, unaweza kunywa kama bwana... na anaitaka, Mungu wangu, asijidanganye, anaitaka divai ile, miaka yote hii koo lake limeisubiri, iko pale, nyekundu, imeshika jua, mkono wa Mzungu umeinyosha mbele yake, na yeye mkono mmoja bado umeshika bilauri ya mate na wa pili uko mtupu, mwepesi, unataka kwenda wenyewe.

"Pokea, mjomba," Xaveri ananong'ona, "bilauri yenyewe ndogo," na ni kweli ni ndogo, mafunda mawili, nani atajua, angeipokea akasema tutafikiri, tutafikiri ni neno zuri, ni neno la Wazungu wenyewe, anaweza kunywa na kusema tutafikiri na kurudi na hadithi ya kuchekesha, hadithi ya ndoo, watu watacheka mpaka mavuno... lakini kitu kimoja kinamrudia, hakukiita, kinakuja chenyewe kama nzi, Lupa, enzi za dhahabu, kabla ya vita, alipopita pale akitafuta kazi, aliona mto umepindwa kwenda kwenye mashine za kuchekecha mchanga, na kule chini kwenye mto wa zamani wanawake wamepiga magoti ndani ya mchanga mkavu, wanachimba kwa vibuyu, wanasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo shimoni, kibuyu kimoja, na mmoja wao aliinua macho akamtazama yeye aliyekuwa anapita na furushi la nguo begani, hakuomba kitu, alimtazama tu, na Othmar akamtania, maana ndivyo alivyo, akasema mama, mnatafuta dhahabu na nyie, na yule mwanamke akasema, "Ndiyo," akarudi kuchimba... na anatazama bilauri mkononi mwake, ile iliyochotwa, ile ya aibu, na ghafla anaiona njia nzima, anaiona kama anavyoiona njia ya kurudi nyumbani, maji ya Lihalawe yanapindwa kule juu, yanaacha maharage ya dada yake, yanakuja huku jangwani, yanapanda kwenye mizabibu, yanaingia kwenye zabibu, yanaingia kwenye pipa, yanaingia kwenye chupa, yanaingia kwenye mdomo wa Bwana Zabibu, yanazunguka kidogo, mara moja shavu la kulia, mara moja shavu la kushoto, na yanaishia ndooni, ptuu, hapa hapa, mto mzima, mto wa mababu, ndani ya ndoo, wala hata hakuumeza, laiti angeumeza, ningemheshimu mtu mwenye kiu, lakini mto wa watu kuutema! Na mimi ndiye niliyeona haya, mimi niliyechota, kumbe aibu ni ya nani, ya aliyechota akidhani wenzake wanakunywa, au ya aliyetema?

Na aibu inamtoka, anaisikia ikimtoka kama homa inavyotoka alfajiri, masikio yamepoa, na kicheko kile cha tayari, rafiki wa siku zote, kimekaa chini, kimetulia, hakina kazi hapa, na anagundua, kwa mshangao wa mtu anayepapasa na kukuta mfuko wa koti lake una chumba cha pili, kwamba anaweza kusimama mbele ya Mzungu uso mkavu na mbingu isianguke. "Sasa, Othmar," Bwana Zabibu bado amenyosha mkono, tabasamu limeanza kuchoka pembeni, "kunywa. Halafu sisi sema habari ya maji." Othmar anasikia sauti yake mwenyewe inatoka taratibu, haina mzaha hata chembe, anaishangaa, sauti ya nani hii, "Xaveri, mwambie Bwana asante. Mwambie kitu hiki nakitamani tangu utotoni, asidhani sikitamani. Lakini cha leo sinywi." Memsabu anamtazama mumewe, kisha anamuuliza Xaveri, "Yeye sema nini? Yeye ogopa sheria?" "Siogopi sheria," anasema Othmar. Bwana Zabibu hateremshi mkono, anageukia karani, anasema maneno marefu ya kwao, na Xaveri anajikohoza, anajipangusa paji la uso, "Mjomba, Bwana anasema hana haraka, chupa hii haiozi, kanyweeni kwanza nyumbani na wazee, mfikiri polepole, anataka tu nimwambie kwamba mnafikiri... nimwambie mnafikiri, mjomba? Neno hilo halimuumizi mtu," na Othmar anafungua mdomo, bilauri bado mkononi, ile ya Bwana bado hewani mbele yake, jua bado lile lile, lakini kabla hajatoa neno Theodosia amekwisha inuka kwenye ngazi, anakung'uta kanga yake, vumbi linaruka juu ya sakafu iliyosuguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafike anamtazama Mzungu machoni.

"Xaveri, mwana wa Ephrasia, usimtilie maneno sukari. Hatufikiri kitu. Maji hatutoi."